Watcyn Thomas: nahodha aliyeadhibiwa kwa kuongoza

Kuanzia Januari 1927 hadi Machi 1933, timu ya taifa ya raga ya Wales ilicheza mechi 28 za kimataifa. Watcyn Thomas, mchezaji wa mbele wa nafasi ya namba nane kutoka Llanelli, alicheza 14. Nusu kamili. Anayetazama takwimu hiyo bila kujua habari zake atadhani alikuwa mchezaji wa wastani, wa kuitwa pengo linapotokea na kuachwa akipatikana aliye bora kuliko yeye. Lakini huyu ndiye nahodha wa kwanza wa Wales kushinda Twickenham, uwanja wa England ambao kwa miaka 23 timu yake ilikuwa haijaonja ushindi. Na miezi miwili tu baada ya ushindi huo, akiwa na miaka 27, safari yake na timu ya taifa ilikwisha kabisa.

Mechi nyingine alizikosa kwa jeraha, hilo nitalieleza. Ila kilichomtoa mwaka 1933 hakikuwa jeraha wala uzee wala kushuka kwa kiwango. Alitolewa kwa sababu mjini Belfast, dhidi ya Ireland, aliwapanga wachezaji wake uwanjani kinyume cha karatasi ya kamati ya uteuzi. Nimeisoma habari hii kwa miaka mingi na kila ninapoirudia naona ile ile: kamati ilikosea, tena ilikosea katika jambo la msingi kuhusu mchezo wenyewe.

Thomas alizaliwa mwaka 1906 Llanelli, mji wa viwanda vya bati kusini magharibi mwa Wales, ambako klabu ya raga ni fahari ya mtaa mzima, tajiri na maskini. Alisoma sekondari hapo hapo, akaendelea na chuo kikuu Swansea, kisha akawa mwalimu. Kazi hiyo ya ualimu isisahauliwe, maana ilimpa kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa nacho. Januari 1927, akikaribia kutimiza miaka 21, aliitwa kuivaa England hapo hapo Twickenham. Wales ilifungwa 11 kwa 9.

Aliingia katika timu iliyokuwa imechoka. Wales iliyotamba mwanzoni mwa karne ilikuwa imebaki jina. Mwaka 1924 Scotland iliifunga 35 kwa 10, na mwishoni mwa mwaka huo huo New Zealand ikaja Swansea ikashinda 19 kwa 0. Mwaka 1928 hata Ufaransa, ambayo ilikuwa haijawahi kuishinda Wales hata mara moja, ikashinda 8 kwa 3 jijini Paris. Chama cha raga cha Wales kilitafuta dawa mwaka 1924 kwa kuipunguza kamati ya uteuzi hadi wajumbe watano, ambao wananchi waliwabatiza Wakubwa Watano. Wazo halikuwa baya. Kamati kubwa ilikuwa na maslahi mengi ya klabu, kila mjumbe akivutia kwake. Lakini hata watu watano waliendelea na desturi ya zamani: timu ikifungwa, badilisha watu. Mchezaji aliweza kuitwa leo, akaachwa kesho, akarudishwa baada ya miaka miwili bila kuelezwa alikosea nini au alirekebisha nini.

Niwe mwadilifu kwa wateuzi hao, kwa sababu walikuwa na tatizo ambalo si la kwao. Kusini mwa Wales kulikuwa kunazama. Makaa ya mawe, chuma na bati, vyote vilikosa soko kwa wakati mmoja. Mwaka 1926 wachimba makaa walifungiwa nje ya migodi kwa miezi kadhaa wakarudi kwa ujira mdogo kuliko walioukataa. Kufikia mwaka 1932 zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa Wales hawakuwa na kazi. Mamia ya maelfu ya watu walihamia England kati ya vita viwili. Na huko kaskazini mwa England kulikuwa na raga ya aina nyingine, ile iliyojitenga mwaka 1895 kwa sababu ya malipo, yenye wachezaji 13 na mishahara ya wiki. Raga ya Wales ilikuwa ya ridhaa. Aliyesaini kaskazini alipata pesa mkononi, na papo hapo akapigwa marufuku ya maisha kucheza raga ya nyumbani kwao.

Jim Sullivan aliondoka Cardiff kwenda Wigan mwaka 1921 akiwa na miaka 17 tu, akawa mmoja wa wakubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo wa kulipwa. Gus Risman naye akaenda Salford mwaka 1929. Wales haikupata kuwatumia hata dakika moja katika raga ya wachezaji 15. Nawataja wawili hawa kwa sababu majina yao yanajulikana, lakini nyuma yao walikwenda wengi. Mtu mwenye watoto, asiye na kazi, anayepewa kitita kwa kipaji chake, nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Mteuzi aliyepanga timu Januari hakuwa na hakika nani atakuwepo Machi.

Hapo ndipo ualimu wa Thomas unapoingia. Alikuwa na mshahara. Hakulazimika kuuza mabega yake kwa klabu ya kaskazini. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kazi yenyewe ilimpeleka huko huko: alifundisha katika shule ya Cowley mjini St Helens, mji ambao raga ya kulipwa ndiyo damu yake, akiwafundisha vijana raga ya ridhaa, huku akichezea klabu ya Waterloo na kaunti ya Lancashire. Kabla ya hapo alikuwa amechezea Llanelli na Swansea. Mtu wa namna hiyo hana hofu ya kamati. Ukimtoa timu ya taifa, Jumatatu bado ana darasa la kufundisha. Naamini uhuru huo ulichangia ujasiri wake, kama ulivyochangia kuwaudhi waliozoea kunyenyekewa.

Sasa kuhusu uchezaji wenyewe, maana bila kuuelewa hatuwezi kuhukumu kilichotokea Belfast. Wengi wetu tumeijua raga kupitia timu za wachezaji saba, ambamo mbio ndizo zinazotawala. Katika raga ya wachezaji 15 kuna wanane wa mbele, na kazi yao ya kwanza ni skramu: kusukumana na wanane wa upande wa pili ili kuupata mpira. Siku hizi kila mmoja ana nafasi yake na mazoezi yake. Kizazi kilichotangulia Thomas hakikuwa hivyo. Mara nyingi aliyefika kwanza ndiye aliyeinama mstari wa mbele, waliobaki wakajazia nyuma. Miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 ndipo utaalamu ulipokuwa unazaliwa. Timu za Visiwa vya Uingereza zilikuwa zikijipanga watatu mbele, wawili katikati, watatu nyuma. Waafrika Kusini walikuja katika ziara ya msimu wa 1931 na 1932 na mpangilio wa watatu, wanne, mmoja, wakawasukuma wenyeji kila mahali, na baada ya hapo kila mtu akaanza kufikiri upya.

Thomas alikuwa wa katikati mstari wa nyuma, nafasi iitwayo namba nane. Mrefu, mwenye nguvu, na zaidi ya yote mwenye kuelewa. Pale nyuma unaona skramu nzima mbele yako. Unajua upande gani unalegea, unajua nani anasukuma na nani anajifanya anasukuma. Ni nafasi ya kuongozea. Wales kabla yake haikuwa na wengi walioichukua kama taaluma, na kila aliyekuja baada yake katika jezi hiyo anaingia katika kazi ambayo yeye alisaidia kuionyesha ni kazi ya namna gani.

Februari 1931, Cardiff, dhidi ya Scotland. Mapema katika mchezo Thomas alivunjika mtulinga. Enzi hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba. Raga ya kimataifa haikuruhusu kubadilisha aliyeumia hadi mwaka 1968. Ukitoka, wenzako wanabaki 14 hadi filimbi ya mwisho. Akabaki. Aliendelea kusukuma skramu na mfupa wa bega umekatika, na juu ya hayo akafunga trai, yaani akautua mpira chini nyuma ya mstari wa goli. Wales ilishinda 13 kwa 8, na msimu huo ikawa bingwa peke yake wa michuano ya kila mwaka kati yake na England, Scotland, Ireland na Ufaransa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1922.

Najua kuna wanaosimulia tukio hili kama kisa cha ushujaa tu, na ni ushujaa kweli, ingawa leo daktari yeyote angemtoa kwa nguvu, na angekuwa sahihi. Lakini mimi naona pia hesabu ya mtu anayefikiri. Skramu ya watu saba dhidi ya wanane inavunjika. Skramu ya watu saba wazima na mmoja mwenye mkono mmoja angalau inabaki na umbo lake. Alijua kuliko mtu yeyote uwanjani kwamba kuwepo kwake mahali pale, hata nusu mtu, kunaizuia timu isisambaratike. Hukumu ya namna hiyo ndiyo unayoihitaji kwa nahodha.

Unahodha ulimfikia kwa njia ambayo inaonyesha tabia ya wateuzi. Nahodha wa ubingwa wa 1931 alikuwa Jack Bassett, polisi na mlinzi wa nyuma aliyekuwa hodari wa kukaba. Mwaka 1932 Wales iliifunga England, ikaifunga Scotland, ikabakiza Ireland nyumbani Cardiff ili kuzishinda timu zote tatu za Visiwa vya Uingereza. Ilifungwa 12 kwa 10. Bassett hakuichezea Wales tena. Mechi moja mbaya, na nahodha wa ubingwa akawa historia. Thomas alirithi kiti ambacho aliyemtangulia alikuwa ameondolewa kwa namna hiyo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakujua hatari.

Kisha ikaja tarehe 21 Januari 1933. Kwa msomaji asiyejua uzito wa Twickenham: England iliufungua uwanja huo kwa mechi za kimataifa mwaka 1910, kwa kuifunga Wales. Tangu siku hiyo Wales ilikuwa imekwenda huko mara tisa, ikafungwa mara nane na kutoka sare mara moja, 11 kwa 11 mwaka 1931. Watu wazima walikuwa wamezaliwa na kukua bila kusikia kwamba Wales imeshinda pale. Ilikwisha kuwa kama laana, na magazeti yalikuwa yakiiandika hivyo.

Kikosi alichopewa Thomas kilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Wilf Wooller alikuwa bado anasoma shule ya Rydal, kaskazini mwa Wales. Vivian Jenkins, mlinzi wa nyuma, naye alikuwa mgeni wa mechi za kimataifa. Maurice Turnbull alikuwa mchezaji wa kriketi wa England na nahodha wa kriketi wa Glamorgan. Aliuawa vitani Normandy mwaka 1944. Ronnie Boon wa Cardiff alikuwa winga mwenye mbio na majivuno ya kutosha. Mbele walikuwepo wakongwe kama Archie Skym na Tom Arthur. Ilikuwa lazima mtu wa kuwaunganisha awepo, na hakuwepo kocha. Naomba jambo hili lishikwe vizuri: Wales haikuwa na kocha wa timu ya taifa hadi mwaka 1967. Wateuzi waliandika majina, chama kikalipa nauli, na kuanzia hapo kila kitu kilikuwa juu ya nahodha.

England ilitangulia kwa trai ya Walter Elliot, 3 kwa 0. Kipindi cha pili Boon akapiga mkwaju wa kudondosha, yaani kuudondosha mpira na kuupiga teke upite kati ya milingoti, ambao enzi hizo ulikuwa na pointi nne, kisha akafunga trai ya pointi tatu. Jenkins akapiga mkwaju wa nyongeza baada ya trai hiyo na mshika kibendera wa Wales akainua kibendera kuwa umeingia. Ubao ukaonyesha 9 kwa 3. Refa wa Ireland hakuukubali, na matokeo rasmi yakawa 7 kwa 3. Haikuwa na tofauti. Mpira mwingi uliowafikia akina Boon ulitoka kwa wanane wa mbele waliokataa kurudi nyuma, na wanane hao walikuwa wa Thomas.

Ushindi ule ulipaswa kuwa mwanzo. Mwezi Februari Scotland ikaja Swansea ikashinda 11 kwa 3, na hofu ya zamani ikarudi. Kwa safari ya Belfast mwezi Machi, kamati ilipanga wachezaji wa mbele kwa namna ambayo Thomas aliona haifai, kwa kuwaweka watu katika nafasi ambazo si zao. Walipoingia uwanjani akawabadilishia nafasi kama alivyoona yeye. Hakuongeza mtu wala hakumwacha mtu. Majina yalikuwa yale yale 15 yaliyoteuliwa na kamati. Alichofanya ni kusema wewe sukuma hapa, na wewe sukuma pale. Ireland ikashinda 10 kwa 5. Thomas hakuitwa tena maishani mwake.

Wanaoitetea kamati wana hoja, nami sitaki kuipita juu juu. Wanasema mamlaka lazima yawe mahali pamoja. Kama nahodha anaweza kupangua kilichoamuliwa, basi kesho naye nahodha mwingine ataamua fulani asipewe mpira, na uteuzi wote hauna maana. Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na watetezi hao wangeweza kuuchukua usemi huo wakautumia vizuri. Wanaongeza kwamba hata hivyo alifungwa, kwa hiyo mpangilio wake haukuokoa chochote.

Hilo la mwisho ndilo dhaifu zaidi. Scotland ilikuwa imeshinda Swansea bila nahodha kumvunjia mtu amri, na hatukusikia mteuzi yeyote akijiuzulu. Matokeo yakitumika kuwahukumu wachezaji peke yao, hayo si matokeo tena, ni kisingizio.

Hoja ya mamlaka ni nzito zaidi, lakini inachanganya kazi mbili. Kumchagua nani aende Belfast ni kazi ya kamati, na Thomas aliiheshimu. Kuamua skramu isukumwe vipi saa tisa alasiri, matope yakiwa hadi kwenye vifundo na mpinzani akiwa mbele ya macho yako, ni kazi ya aliye ndani ya skramu. Wajumbe watano waliokaa jukwaani na makoti yao hawawezi kuhisi uzito unapohamia upande wa kushoto. Yeye alikuwa akiuhisi kwa bega, lile lile lililovunjika Cardiff. Na kwa kuwa hakukuwa na kocha, nahodha ndiye aliyekuwa mtaalamu pekee wa timu nzima kuanzia filimbi ya kwanza. Kumnyima mamlaka hayo si kulinda nidhamu. Ni kuiacha timu bila kichwa kwa dakika 80.

Na tazama kamati ilifanya nini ilipobaki huru bila mkaidi yule. Januari 1934, dhidi ya England mjini Cardiff, iliteua wachezaji 13 ambao hawajawahi kuichezea Wales. Kumi na watatu kati ya 15. Unahodha ukakabidhiwa kwa John Evans wa Newport, ambaye naye ilikuwa mechi yake ya kwanza ya kimataifa, na ikawa ya mwisho pia. Wales ikafungwa 9 kwa 0 mbele ya mashabiki wake. Kumpa mtu asiyewahi kusimama katika uwanja wa kimataifa dhamana ya kuwaongoza wengine 12 wasiowahi kusimama, huku namba nane mzoefu mwenye miaka 28 akicheza raga ya klabu Lancashire, ni uamuzi ambao sioni njia ya kuutetea. Sisemi Thomas angeishinda England siku ile. Nasema kijana Cliff Jones, aliyekuwa anaanza siku hiyo hiyo kama mpanga mashambulizi na ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapendwao zaidi Wales, alistahili kupewa mpira na watu wa mbele wanaojua wanachofanya.

Kuna watakaonijibu kwamba mambo yalinyooka. Ni kweli. Claude Davey alipewa unahodha kwa mechi iliyofuata, Wales ikaishinda Scotland 13 kwa 6 na Ireland 13 kwa 0, na Desemba 1935 Davey huyo huyo akaiongoza kuishinda New Zealand 13 kwa 12 Cardiff, siku ambayo Don Tarr alivunjika shingo na Wales ikamaliza na watu 14. Lakini angalia nani walikuwa uti wa mgongo wa timu ile: Davey mwenyewe, Wooller, Jenkins. Wote watatu walikuwa Twickenham mwaka 1933. Walijifunza kushinda chini ya Watcyn Thomas. Kamati ilivuna shamba ambalo mlimaji wake ilikwisha kumfukuza, na katika miaka yote iliyobaki ya uchezaji wake, Waterloo hadi klabu ya Moseley, haikumwita hata mara moja kumuuliza.